Kupima pembe ya shafti kwa vihisi vya induksheni: maswali tunayoulizwa karakanani

Maswali haya yameletwa na watu wa kila namna: madereva wa daladala, vijana wanaosoma ufundi pale Mbweni, manahodha wa boti za watalii, na fundi mmoja wa Wete ambaye hunipigia simu kila jenereta inapomgomea. Nimeyaacha karibu na maneno yao wenyewe. Mengine nimeyajibu kwa ufupi kwa sababu hayana mengi.

Sensa ni kitu gani khasa? Mbona kila fundi ana maana yake?

Kwa watu wengi sensa ni ile ya kuhesabiwa, kama ya mwaka 2022. Karakanani sensa ni kifaa kinachohisi jambo, joto au mgandamizo wa mafuta au mwendo, kikalipeleka kwenye waya likiwa umeme. Vitabuni kinaitwa kihisi, na ndilo neno nitakalotumia hapa, ingawa ukija kwangu ukasema sensa tutaelewana tu.

Kihisi cha induksheni hutambua metali bila kuigusa, kwa kutumia koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Hakijali giza wala grisi. Funga kipande cha metali kwenye kitu kinachozunguka, yaani shafti, weka koili karibu yake, na umeme utakaotoka utakwambia kitu hicho kimefika wapi katika mzunguko wake. Hapo "kimefika wapi" ndipo penye pembe. Kujua kinakwenda mbio kiasi gani ni rahisi, unahesabu tu. Kujua kimesimama wapi ndiko kwenye kazi.

Koili inaijuaje metali bila kuigusa?

Kuna njia mbili, na fundi asiyezitofautisha atanunua kisicho chake.

Ya kwanza ni ya sumaku ya kudumu. Ndani ya kihisi mna sumaku, ncha ya chuma laini, na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa juu ya ncha hiyo mara nyingi sana. Jino la chuma likipita mbele, usumaku unaopita kwenye koili huongezeka. Pengo likipita, hupungua. Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba usumaku ukibadilika ndani ya koili, umeme huzaliwa. Lishike neno "ukibadilika". Shafti ikisimama hakuna mabadiliko, basi hakuna umeme. Kihisi cha aina hii hakilishwi umeme wowote, aghalabu kina waya mbili, na injini ikizimwa huwa bubu kabisa. Kadiri shafti inavyokwenda mbio ndivyo volti zinavyopanda: wakati wa kuwasha ni volti moja hivi, mwendo ukikolea zinafika makumi.

Njia ya pili haihitaji sumaku. Koili inalishwa umeme wa kwenda na kurudi, mara maelfu au mamilioni kwa sekunde. Ukiisogezea metali, ndani ya metali yenyewe huzuka mikondo midogo inayojizungusha, kama maji yanavyojizungusha nyuma ya kasia. Mikondo hiyo hutoa usumaku wake, unaopingana na ule wa koili, na saketi hupima upinzani huo. Kwa vile koili ndiyo inayoanza kusema, metali hutambulika hata ikiwa imetulia tuli. Proksimiti, vihisi vya viwandani vinavyosema metali ipo au haipo, ni za ukoo huu, na vihisi vipya vya koili zilizochapwa kwenye bodi pia. Rizolva, kihisi cha pembe kinachofungwa kwenye mota, nayo hulishwa umeme, ila ndani yake ni chuma kinachopitisha usumaku kutoka koili moja kwenda nyingine.

Gari linazima njiani likipata moto, likipoa linawaka. Nimeambiwa ni sensa ya krenki. Kweli?

Huenda, lakini usilipe kabla ya kupima.

Kwenye krenki, shafti kuu ya injini, injini nyingi zina gurudumu la nafasi 60 ambalo meno mawili yameondolewa, yakabaki 58. Kila nafasi ni nyuzi 6. Kompyuta ya gari huhesabu meno, na likipita lile pengo refu inajua krenki imefika mahali fulani, ikaanzia hapo kuhesabu upya. Nyingine zina nafasi 36 na jino moja limeondolewa, yaani nyuzi 10 kwa kila nafasi. Kwa hiyo hata hii sensa ya krenki ni kipimo cha pembe, tena cha kale na cha kuaminika.

Chomoa plagi, weka mita kwenye omu, upime kihisi kikiwa baridi. Vya waya mbili vingi husoma kati ya mia kadhaa na elfu moja na ushei. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kisha kipashe moto taratibu kwa draya ya nywele huku mita ikiwa bado imeshika. Namba itapanda, na usishtuke: shaba ya waya huongeza ukinzani karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kilichosoma omu 800 kwenye nyuzi 30 kitasoma kama 980 kwenye nyuzi 90, na hicho ni kizima. Namba ikipotea ghafla, ikarudi kikipoa, waya umekatika ndani na joto ndilo linaloufungua. Hapo badilisha bila kusitasita.

Kihisi cha waya tatu usikimbilie kukipima omu. Vingi ni vya Hall, yaani vinapima usumaku wenyewe bila koili, vina saketi ndani, na namba utakayopata haina maana. Vingine ni vya koili lakini waya wa tatu ni wavu wa kukinga kelele za umeme.

Nami niliwahi kuaibika kwa hili. Daladala moja ya Mwanakwerekwe niliibadilishia kihisi mara tatu, na mara zote tatu ikarudi ikivutwa kwa kamba. Mara ya nne nikafungua chini, nikakuta jino moja la gurudumu limepinda. Aliyetoa giaboksi kabla yangu alilizuia gurudumu lisizunguke kwa kupachika bisibisi kwenye meno. Vihisi vyote vitatu vilikuwa vizima. Tangu siku hiyo kila anayenijia na lawama za kihisi namuuliza kwanza: gurudumu umeliangalia?

Jenereta haisomi mwendo, inazima kila ikiwashwa. Pengo la kihisi niweke kiasi gani?

Wengi wetu somo hili tulilipata kwa shida, Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kila hoteli na kila duka la samaki wa barafu lilikuwa na jenereta, na kila jenereta ilikuwa na mtu aliyejifunza ufundi wiki ile ile.

Kihisi kinachosoma meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, kimekaa kwenye tundu lenye rizi. Kwanza ondoa waya wa betri, asije mtu akawasha na mkono wako umo ndani. Zungusha flaiwili kwa mkono mpaka ncha ya jino ionekane katikati ya tundu. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye hasara: ukikaza kihisi kikiwa kinatazama pengo kati ya meno, ncha itaingia humo, na mzunguko wa kwanza wa injini utaikata. Kaza taratibu kwa vidole mpaka kiguse jino, kisha kirudishe nyuma robo tatu ya mzunguko. Rizi nyingi za vihisi hivi zina hatua ya milimita 1.4 au 1.5, kwa hiyo utabaki na pengo la milimita moja na kidogo. Kaza nati, rudisha betri, weka mita kwenye volti za AC, piga stata. Ukipata chini ya volti 1, punguza pengo kidogo au safisha ncha, maana sumaku ile hukusanya vumbi la chuma mpaka ikaota ndevu.

Na hesabu yake ni hii: flaiwili ya meno 120 kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika hutoa hezi 3,000. Ukibadilisha flaiwili ikawa na meno tofauti na usiiambie gavana, kifaa kinachoshika mwendo wa injini, mashine itakwenda mwendo usio wake. Hesabu meno kwa chaki, usikisie.

Proksimiti ya kawaida, ile ya M12 yenye rizi ya kipenyo cha milimita 12, inaweza kunipa pembe?

Inaweza kukupa hatua, na kwa kazi nyingi hatua zinatosha. Proksimiti husema ndiyo au hapana tu. Weka gurudumu la meno, hesabu ndiyo zake, umepata pembe tangu ulipoanza kuhesabu. Weka jino moja la pembeni na proksimiti ya pili ya kulisoma, umepata mahali pa kuanzia.

Ila meno yasiwe madogo. Kanuni ya kazi ni jino lenye upana usiopungua kipenyo cha uso wa kihisi, na pengo kati ya jino na jino mara mbili yake. Kwa M12 hiyo ni milimita 12 na 24. Gurudumu la kipenyo cha milimita 300 lina mzingo wa milimita 942, kwa hiyo litabeba meno 26, kila moja karibu nyuzi 14. Ukiongeza kihisi cha pili kilichopishana na cha kwanza kwa robo ya hatua, unapata mabadiliko manne kwa kila jino, wastani wa nyuzi 3.5, na zaidi ya hapo unajua shafti inazunguka kulia au kushoto. Visikaribiane mno lakini, vitaingiliana. Umeme ukikatika, hesabu yako imepotea, urudi kutafuta mwanzo.

Waya zake: kahawia chanya, bluu hasi, nyeusi ndiyo inayotoa habari. Aina ya PNP hutoa chanya, NPN huvuta hasi. Ukikosea hapa kihisi kitawasha taa yake vizuri kabisa na mashine haitasikia kitu.

Hizi saini na kosaini kwenye vihisi vya kisasa ni za nini? Moja haitoshi?

Haitoshi, na sababu zake mbili zinafaa kueleweka polepole.

Chukua kihisi cha koili zilizochapwa kwenye bodi. Koili ya nje inatuma, ikipigwa kwa megahezi kadhaa. Ndani yake kuna koili mbili za kupokea, nyaya zake zikienda na kurudi, zikipishana juu na chini kama ukili unaosukwa. Zimesukwa hivyo makusudi: kinachoingia upande mmoja kinafutwa na kinachoingia upande wa pili, na bila metali mbele yake koili inasoma sifuri. Kipande cha metali kilichofungwa kwenye shafti kikifunika sehemu moja ya ukili huo, ulinganifu unaharibika, na koili inaanza kutoa umeme. Kikizunguka, umeme wa koili ya kwanza hupanda na kushuka kwa umbo la wimbi liitwalo saini. Koili ya pili imesogezwa robo ya duru, kwa hiyo umeme wake ni kosaini.

Sababu ya kwanza ya kuhitaji mbili: saini peke yake ina utata. Ikisoma 0.5, pembe inaweza kuwa nyuzi 30 au nyuzi 150. Kosaini ndiyo inayoamua. Ikiwa 0.866 ni 30, ikiwa hasi 0.866 ni 150.

Sababu ya pili ndiyo inayonipendeza mimi. Beringi ikilika kidogo, pengo kati ya metali na bodi likaongezeka, nguvu ya umeme inapungua. Tuseme imepungua nusu. Saini sasa inasoma 0.25, kosaini 0.433. Gawa moja kwa nyingine kama ulivyogawa 0.5 kwa 0.866: jibu ni lile lile, na pembe ni zile zile nyuzi 30. Mabadiliko ya pengo yamejifuta yenyewe, kwa sababu yamezipata zote mbili sawa. Ndiyo maana kihisi cha namna hii huvumilia mtikisiko na joto ambavyo kingeshindwa kikiwa na koili moja.

Chipu hufanya hesabu ya tanjenti kinyume na kukupa namba. Ya biti 12 hugawa duru mara 4,096, yaani nyuzi 0.088 kila hatua; ya biti 14 hufika 0.022. Usilewe na namba hizo. Hatua ndogo si usahihi, na swali la senta huko chini litaeleza kwa nini.

Kwa nini nisiweke potenshiomita tu? Au Hall?

Potenshiomita, kifaa ambacho ukinzani wake hubadilika ukikizungusha, husuguana, na hewa yetu ya chumvi huimaliza mapema. Sehemu inayosuguliwa zaidi huanza kuruka. Hall ni nzuri na ndogo, lakini inasoma sumaku. Karibu na mota kubwa au kebo yenye mkondo mwingi inaweza kudanganywa, na sumaku yenyewe hukusanya chembe za chuma. Kwa mlango wa geti weka chochote unachopata.

Metali gani niifunge kwenye shafti?

Inategemea ukoo. Kihisi cha sumaku ya kudumu kinataka chuma cha kawaida, kinachovutwa na sumaku. Gurudumu la alumini halitakiambia kitu. Proksimiti za kawaida huona metali zote, lakini hupimwa kiwandani kwa chuma laini. Kwa stenlesi umbali hupungua hadi kama asilimia 70, shaba ya manjano na alumini karibu asilimia 40, shaba nyekundu asilimia 30 au chini yake. Proksimiti iliyoandikwa milimita 2 mbele ya alumini uihesabu ya milimita 0.8, tena hapo umeishaipeleka ukingoni.

Vihisi vya koili za bodi ni kinyume chake: vinapenda metali inayopitisha umeme vizuri, shaba nyekundu au alumini. Wala haihitaji unene. Kwenye megahezi 4 mikondo hukaa kwenye ngozi ya shaba ya kina cha milimita 0.033 hivi, na shaba ya bodi ya kawaida ina unene wa milimita 0.035.

Bahari iko mita mbili kutoka mashine. Maji ya chumvi hayatakidanganya kihisi?

Nami nilidhani hivyo zamani. Maji ya bahari hupitisha umeme, ndiyo, lakini shaba huyashinda karibu mara milioni kumi. Ukungu wa chumvi juu ya uso wa kihisi haugeuki kuwa metali.

Chumvi hupita mlango wa nyuma. Huingia kwenye plagi, ikafanya kutu ya kijani, ikageuza waya mzuri kuwa ukinzani. Hupanda ndani ya waya wenyewe chini ya plastiki. Ukichuna sentimita kumi kutoka plagi unakuta shaba imekuwa nyeusi. Hula mahali alumini ilipogusana na chuma, kipande chako cha metali kikalegea na kuanza kucheza. Kwa kazi za pwani nachukua waya wa shaba uliopakwa bati, naunganisha ndani ya boksi lililofungwa, naipaka plagi grisi ya umeme, na waya naushusha chini kabla haujapanda kuingia kwenye kihisi, ili matone yadondokee hapo chini. Wakati wa kusi boti zinapopigwa na mawimbi usiku kucha, tone moja linatosha.

Namba zinalingana upande mmoja wa duru, upande wa pili zinapotea. Kihisi kibovu?

Mara tisa kwa kumi ni senta. Gurudumu au kipande cha metali hakikukaa katikati ya shafti.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua umbali ambao senta imekosewa, gawa kwa nusu kipenyo pale kihisi kinaposoma, zidisha kwa 57.3, unapata kosa kwa nyuzi. Ukikosea milimita 0.2 kwenye nusu kipenyo cha milimita 25, kosa ni karibu nyuzi 0.46. Sasa linganisha na zile 0.022 za chipu ya biti 14 uliyoinunua kwa fahari. Umelipia hatua ishirini ndani ya kosa moja la fundi wa leti, mashine ya kuchongea.

Dawa ya kwanza ni leti yenyewe: chonga kipande na tundu lake kwa kukishika mara moja, usigeuze. Dawa ya pili ni kuweka vihisi viwili vinavyotazamana, nyuzi 180, na kuchukua wastani. Kosa la mmoja likienda juu la mwingine linashuka, yanafutana. Dawa ya tatu ni kuchagua kihisi ambacho koili zake zinazunguka duara zima badala ya kusoma kwa upande mmoja, kwani kinasamehe zaidi. Kupaka rangi na kuandika "imesentiwa" si dawa, ingawa nimeiona.

Nataka saa ya kuonyesha pembe ya usukani kwenye boti yangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua unataka nini, nahodha. Usukani wa chombo huzunguka nyuzi 35 kila upande, jumla 70. Huhitaji duru zima, na kosa la nyuzi moja halitakupandisha mwambani.

Nunua kihisi cha induksheni kilichofungwa kabisa, kinachoweza kupangwa masafa yake ya pembe. Kama kinatoa volti 0.5 hadi 4.5 kwa duru zima la 360, kila nyuzi ni milivolti 11 tu. Kikipangwa kwa nyuzi 90, kila nyuzi inakuwa milivolti 44, na kompyuta ndogo ya biti 10 kwenye volti 5 itaweza kutofautisha karibu moja ya kumi ya nyuzi. Kwa waya mrefu kutoka tezi hadi omo chagua kinachotoa miliampea 4 hadi 20: mkondo haupungui njiani kama volti, na ukisoma sifuri unajua waya umekatika, si usukani uliokwenda kushoto.

Kifunge kwenye kichwa cha mhimili wa usukani wenyewe, si kwenye gurudumu la nahodha. Kati ya viwili hivyo pana kamba, mnyororo au mafuta, na vyote hulegea. Panga sifuri boti ikiwa juu ya chanja, usukani ukiwa umenyooshwa kwa uzi.

Kapi ya kupimia maji kupwa na kujaa inazunguka zaidi ya mara moja. Kihisi kitajuaje ni mzunguko wa ngapi?

Hakitajua. Kihisi cha duru moja kinasahau kila kikivuka 360. Bamvua hapa kwetu huleta tofauti ya karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa; kapi yenye mzingo wa nusu mita itazunguka mara 8. Kompyuta ikiwa hai itahesabu, lakini umeme ukikatika saa tisa usiku na maji yakaendelea kujaa, asubuhi una pembe sahihi ya mzunguko usioujua.

Njia ya bei nafuu ni gia ya kupunguza, duru 10 za kapi ziwe moja ya kihisi. Hasara yake ni kwamba kila kosa linazidishwa kwa 10 na gia huwa na mchezo wake. Njia nzuri zaidi ni gia mbili ndogo, moja ya meno 30 na nyingine ya meno 31, zote zikizungushwa na gia kubwa ya meno 60 iliyo kwenye kapi, kila ndogo na kihisi chake. Zinaanza pamoja, lakini kila mara zinaachana kidogo, na hazitarudi kukaa sawa mpaka meno 930 yapite, yaani mizunguko 15.5 ya kapi. Kwa hiyo kila jozi ya pembe ni ya mahali pamoja tu ndani ya mizunguko hiyo. Umeme ukirudi unasoma pembe mbili, unajua maji yako wapi, bila kukumbuka lolote.

Haibridi za mtumba zina kihisi hiki?

Zina rizolva kwenye mota, ndiyo. Prius, gari la petroli na umeme, ni mfano. Bila hiyo kompyuta haijui rota, sehemu ya mota inayozunguka, iko wapi na haiwezi kuizungusha. Usiilegeze kuangalia tu, kwani mahali pake pamelinganishwa na rota. Na kule ndani mna zaidi ya volti 200. Kama hukufundishwa kuzifunga, funga boneti.

Naweza kutengeneza koili mwenyewe?

Kwa kujifunza, ndiyo, na nawasihi vijana wafanye. Koili bapa ya bodi, kapasita, na chipu ya kupima induktansi, yaani uwezo wa koili kushika usumaku. Metali ikikaribia, induktansi hupungua, masafa hupanda, nawe unayasoma. Kata bati la alumini liwe kama mwezi, jembamba upande mmoja na pana upande wa pili, ulifunge kwenye shafti: kadiri linavyozunguka, koili inafunikwa zaidi. Umepata pembe kwa gharama ya chakula cha mchana. Kitadanganywa na pengo, kwa kuwa ni koili moja. Sasa utajua kwa nini wenzetu walisuka mbili.

Nimefunga kila kitu, bado namba zinaruka. Nifanye nini?

Zima mota, zungusha shafti kwa mkono. Weka alama kila nyuzi 10, andika namba ya kihisi mbele ya kila alama, kisha chora tofauti zake kwenye karatasi ya miraba. Dakika 20 hizo zitakuokoa siku mbili.

Kosa likipanda na kushuka mara moja kwa duru, ni senta, au katikati ya moja ya saini na kosaini haiko kwenye sifuri. Kupotoka kwa asilimia 1 tu huko kunaleta nyuzi 0.57. Likipanda na kushuka mara mbili, nguvu za saini na kosaini hazilingani, na hilo hurekebishwa kwenye programu. Likiwa mahali pamoja tu, tazama jino.

Kwa mkono namba zikitulia, mota ikiwashwa zikaruka, basi gurudumu halina kosa. Tenga waya wa kihisi na kebo ya mota, wavu wake uufunge erthi upande mmoja tu, na kama kuna inveta ya kuendeshea mota karibu, usiupitishe waya wa kihisi kwenye bomba moja na nyaya zake hata kama fundi wa nyumba amekwisha kulipiga plasta.